Swali la Mama Shiro na Wasuluhishi Watatu

Jumanne. Mvua ilinyesha hadi saa nne asubuhi, kisha jua likatoka kali utadhani hakukuwa na mvua. Kamere yote, mtaa wetu huu wa kando ya Ziwa Naivasha, inanuka matope na samaki wa kukaanga. Stima imepotea tangu adhuhuri, kwa hivyo kompyuta zangu zimelala, nami naandika haya kwenye simu nikiwa nimekaa mlangoni.

Nina jambo la kuungama. Lakini kwanza niache nishangae kidogo, maana tangu jana kichwa changu hakijatulia.

Hivi ulijua kwamba kampuni inaweza kuishtaki nchi? Si Naivasha, si Nairobi. Kesi inasikizwa ng'ambo, kwenye chumba cha mikutano, mbele ya watu watatu ambao si mahakimu wa nchi yoyote. Hao watatu wakiamua nchi imekosea, nchi inalipa, na pesa zenyewe ni zetu sisi tunaokatwa kodi kwenye unga na kredo ya simu. Mimi nina umri wa miaka arobaini na sita, nasoma habari kila siku, na sikuwa najua.

Kwa asiyenijua: nina cyber ndogo karibu na soko la samaki. Nachapa barua, naskani vitambulisho, nawajazia watu fomu. Kwa sababu ya hizo kompyuta, na kwa sababu nina mwandiko mzuri (hilo nalisema bila haya), mimi ndiye katibu wa kikundi cha watumiaji wa maji ya ziwa. Tuna wavuvi, wauza samaki, wenye bustani ndogo na wafanyakazi kadhaa wa mashamba ya maua. Nimekuwa katibu miaka kumi na moja. Wengi hapa mtaani hawajui jina langu. Wananiita Katibu, nami naitika kwa furaha.

Miaka michache iliyopita ilikuja kampuni ya kigeni kutafuta mafuta na gesi huku kwetu. Walitandaza nyaya shamba hadi shamba, wakaleta malori mazito yanayotetemesha ardhi ili mashine zao zisikilize kilicho chini. Vikombe vilicheza kabatini. Tukawaita Watu wa Nyaya. Mwishowe waliweka kigingi cha zege karibu na ufuo, wakakipaka rangi nyekundu, wakatuambia hapo ndipo watatoboa kisima cha kwanza. Kabla hawajatoboa, serikali ikaweka mpaka: hakuna kuchimba karibu na ziwa. Leseni yao nayo ilipokwisha haikuongezwa muda. Watu wa Nyaya wakakunja nyaya zao wakaenda, nasi tukarudi kwa mambo yetu.

Nilidhani yameisha.

Jana asubuhi akaja wakili mmoja anayeitwa Moraa, binti kijana, nadhifu, viatu vyeupe ambavyo nilivionea huruma mara moja. Yuko kwenye kundi la mawakili wanaoitetea serikali. Alikuwa ananitafuta mimi. Nilimpa kiti kizuri, kile kisichoyumba, nikamwagizia chai, na saa mbili zilizofuata nilimuuliza maswali mengi kuliko aliyoniuliza yeye.

Alinieleza kwamba nchi yetu na nchi ya hiyo kampuni ziliwekeana mkataba zamani. Mwekezaji wa kule akiona ametendewa vibaya huku, si lazima aende kwa mahakama zetu. Anaweza kuita usuluhishi. Yeye anachagua msuluhishi mmoja, serikali inachagua mmoja, na wa tatu anapatikana kwa kukubaliana. Nikamwambia hiyo ni kama ugomvi wa mbuzi walioingia shamba la jirani, kila upande unakuja na mzee wake, halafu wanatafuta mwingine wa kukaa katikati. Alicheka, akasema hajawahi kusikia ikielezwa haraka hivyo.

Nikauliza kama hao watatu watakuja kuliona ziwa. Akasema mara nyingi wanasoma tu karatasi. Nikauliza kama sisi nasi tunaweza kuishtaki kampuni huko huko. Akatikisa kichwa.

"Pande ni mbili tu, investor na state. Nyinyi mko kwa documents, lakini kwa meza hamko."

Tuko kwenye karatasi. Na wakati huo sikuwa nimejua ni nani aliyetuweka huko.

Moraa alifungua mkoba akatoa nakala. Juu kulikuwa na muhuri wa kizungu na neno la kuonyesha kwamba ni kielelezo cha upande wa kampuni. Chini ya muhuri huo ilikuwa kazi ya mikono yangu. Kumbukumbu za mkutano wa kikundi chetu, zimechapwa kwa kompyuta yangu ile ya dirishani ambayo herufi yake ya "k" hukwama, sahihi yangu yenye mkia mrefu, muhuri wetu wa mviringo umelala upande kidogo. Na kando yake, tafsiri ya Kiingereza, mstari kwa mstari.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Kazi yangu imepanda ndege! Kuna mtu mwenye shahada tatu amekaa akatafsiri "mkutano ulifunguliwa kwa maombi saa tano kasorobo". Nilitaka kumwita Mama wa duka la mkabala aje aone.

Halafu nikasoma sehemu waliyoipigia mstari.

"Maswali yaliulizwa na kujibiwa kikamilifu. Wanachama waliunga mkono mradi kwa kauli moja."

Moraa akanieleza. Serikali inasema iliweka mpaka kwa sababu wenyeji walikuwa na wasiwasi kuhusu maji. Kampuni inajibu kwamba hicho ni kisingizio, wenyeji hawakuwa na wasiwasi wowote, na ushahidi ni huu hapa, umeandikwa na katibu wao wenyewe. Kwenye hiyo hoja jina langu limetajwa mara nne.

Sasa niwaeleze jinsi kumbukumbu zinavyoandikwa huku kwetu, na nadhani si huku kwetu pekee. Kila katibu ana sentensi zake za kudumu. Mimi zangu zimo kwenye kompyuta, nabadilisha tarehe na majina tu. Mkutano ulifunguliwa kwa maombi. Mwenyekiti aliwakaribisha wageni. Maswali yaliulizwa na kujibiwa kikamilifu. Kwa kauli moja. Mkutano ulifungwa kwa maombi. Niliandika "kauli moja" hata siku tulipobishana kuhusu choo cha sokoni hadi wawili wakashikana mashati. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu hakuna anayesoma. Kumbukumbu zinasomwa mara moja mkutano unaofuata, kwa haraka, watu wakinusa chai. Mmoja anazipendekeza, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anatia sahihi.

Lakini mimi pia nina daftari. Lile chafu, la kuandikia mbio mbio watu wakizungumza. Kila swali naliandika jinsi lilivyoulizwa, na chini yake naacha mistari mitatu ya jibu. Nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu wa biashara pale Nakuru, kwamba swali na jibu lake visitengane. Huwa situpi daftari.

Moraa aliposikia kuna daftari, alikiweka kikombe chini.

Nililitafuta chini ya kaunta, kwenye sanduku la karatasi za printa. Ukurasa wa siku hiyo una doa la chai. Wanaume kumi na mmoja walizungumza, karibu wote kuhusu kazi: vijana wataandikwa wangapi, na je, wataanza na wa Kamere. Majibu yamejaa, hata nimeandika pembeni. Halafu kuna swali la Mama Shiro. Mama Shiro ananunua samaki hapa ufuoni. Wakati huo alikuwa akiishi Kihoto, kule mjini Naivasha, na akiwauza huko. Alisimama nyuma kabisa, ndoo miguuni, akauliza: "Mkitoboa halafu mkose hiyo kitu mnatafuta, hilo shimo litabaki na nani, na maji ya chini ikiingia mtajuaje?"

Chini yake kuna mistari mitatu mitupu.

Nakumbuka vizuri. Yule mgeni wa kampuni alitabasamu, akasema ni swali zuri sana, akaomba mama apigiwe makofi. Tukampigia makofi. Tulipomaliza kupiga makofi, mwenyekiti akasema wageni wana safari, tufunge na maombi. Nami nikaenda nikaandika "kujibiwa kikamilifu".

Moraa alitaka kuona kigingi, tukatembea. Ungekuwa nasi ungecheka. Tulifika mahali ambapo njia inaingia majini. Ziwa limepanda, wote tunajua, lakini sikuwa nimefika upande ule miezi mingi. Kigingi hakionekani. Kinachoonekana ni ncha za miti mikavu na ndege wamekaa juu yake, na mbali kidogo, masikio mawili ya kiboko. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituonyesha kwa kidole.

"Boss yangu, hiyo kitu iko huko ndani. Ukitaka picha yake uombe huyo kiboko ruhusa."

Kwa hivyo kuna watu wanabishana ng'ambo, wakiwa na tai na maji ya chupa, kuhusu haki ya kutoboa mahali ambapo sasa pana kiboko. Nilimuuliza Moraa kama wasuluhishi wanalijua hilo. Akasema kisheria haibadilishi sana, kinachopimwa ni kile kampuni ilichotarajia siku ile. Nimelifikiria hilo jibu hadi leo na bado sijui kama ni la busara au la ajabu. Labda yote mawili. Viatu vyake havikuwa vyeupe tena.

Tulipokuwa tunarudi ndipo aliponiuliza swali la kawaida kabisa. Kampuni imeambatisha pia kumbukumbu za mkutano uliofuata, ule wa kuthibitisha. Alinisomea: "Zilipendekezwa na mwenyekiti, zikaungwa mkono na Mama Shiro." Akasema tukitoa swali la huyo mama, watasema ni yeye huyo huyo aliyeunga mkono kwamba alijibiwa kikamilifu.

"Alikuwepo?" Moraa akauliza.

Nikasema nitaangalia daftari. Sikuhitaji kuangalia daftari.

Hakuwepo.

Hilo ndilo ungamo langu. Wiki ile ndiyo maji ya ziwa yaliingia Kihoto. Mama Shiro alikuwa akitoa magodoro na masufuria yake nje, akipanga vitu juu ya ukuta wa jirani. Mimi nilihitaji jina la mtu wa kuunga mkono, na kwa kawaida huwa ni yeye. Huwa anaunga mkono kila kitu ili chai iletwe. Nikaliandika jina lake tu. Sikufikiria hata kwa dakika moja.

Moraa aliniambia wazi jinsi mambo yalivyo. Nikitoa daftari na kusema ukweli, mawakili wa kampuni watanihoji kwa video, na watauliza: kama kumbukumbu hizi ni za uongo, za miaka kumi na moja nazo je? Na majibu yangu yatakuwa kwenye rekodi daima. Nikikataa, hakuna anayeweza kunilazimisha. Alinipa hadi kesho, Jumatano, saa mbili asubuhi nifikirie.

Jana alipoondoka nilibaki nikijihurumia. Bila ukatibu mimi ni nani hapa Kamere? Mwanamke wa fotokopi. Watu huniamini na siri zao, fomu zao za hospitali, barua za talaka. Wananiamini kwa sababu nikiandika kitu, kimeandikwa.

Leo mvua ilipokatika nikafunga duka nikaenda kwa Mama Shiro. Hakurudi tena Kihoto. Amepanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Nilimkuta akiparua magamba ya samaki. Nilimweleza yote, kuanzia kampuni hadi jina lake. Hakuacha kuparua. Alimaliza mmoja, akachukua mwingine.

Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Kwani uliniweka hapo kwa sababu sijui kusoma?"

Nikasema hapana, Mama, hapana kabisa.

Kabla sijafunga mdomo nikajiuliza kama nilimjibu kweli. Ningeandika jina la mwalimu wa shule ya msingi, ambaye husoma kila ukurasa na kusahihisha herufi zangu? Nisingethubutu. Nilichagua jina ambalo halingerudi kuniuliza. Hilo sikulijua hadi aliponiuliza. Limeniuma kuliko mambo yote ya mawakili.

Nikamwambia hivyo. Nilisema, ndiyo, Mama, nadhani ndiyo. Nikaomba msamaha.

Mama Shiro akaweka kisu chini. Alikasirika, na hakuficha.

"Siku hiyo mimi nilikuwa na maji mpaka hapa," akajigusa paja. "Mtu ananiambia ati nilikuwa meeting, naunga mkono. Katibu, hiyo ni vibaya. Hiyo ni vibaya sana."

Kinu kilikuwa kikinguruma nyuma ya ukuta. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Badala yake alifuta mikono kwenye leso, akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Na ile swali yangu, huko majuu waliijibu?"

Nikamwambia hawajawahi hata kuiona. Iko kwenye daftari tu.

"Basi leta hiyo daftari."

Nilikuwa nalo mkobani. Nilimsomea swali lake kama nilivyoliandika siku ile. Akanisahihisha. Anasema alisema pia "na sisi wenye tunakunywa", na nilikuwa nimeliacha. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe ya leo, nikaliandika swali upya lote kama anavyolitaka, nikamsomea pole pole mara mbili. Chai haikuwepo. Hakuna aliyekuwa na safari.

"Sasa hapo," akasema, "hapo naunga mkono."

Nilirudi nikampigia Moraa. Alifurahi kuhusu daftari, lakini nikamwambia yote. Kwamba wanaume kumi na mmoja walitaka kazi, na hata mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya wateja wapya. Kwamba wengi siku ile walisema ndiyo, na hilo pia litakuwa kwenye taarifa yangu.

Moraa akauliza: "Hiyo ya wengi, lazima ikae?"

Ninampenda Moraa. Ni msichana mwema na anailinda nchi yangu. Lakini niliisikia sauti ile. Ni sauti ya mwenyekiti akisema wageni wana safari.

"Lazima ikae," nikasema.

Akashusha pumzi, akasema sawa, Katibu, kesho saa mbili.

Kwa hivyo kesho nitatia sahihi, bila mkia mrefu. Baada ya hapo nitawaambia wanachama wenyewe, kabla hawajaambiwa na mwingine, na wakitaka katibu mpya nitampa muhuri na nitamfundisha kutumia daftari. Naogopa, sitadanganya. Naogopa hiyo video, naogopa Kiingereza cha hao watu, naogopa wanachama wakinitazama nikisimama. Lakini pia, Mungu anisamehe, nina hamu. Nataka kuona nyuso za hao watatu. Nataka kujua kama mmoja wao, akisoma swali la Mama Shiro, atainua kichwa.

Moraa ameshaniambia kwamba taarifa ya shahidi haiachwi na nafasi tupu, kila kitu kinajazwa. Nimemwelewa. Itakayopigwa chapa itakuwa imejaa.

Kwenye daftari, chini ya swali, nimeacha mistari mitatu.